Mizizi Ilikuwa Hai: Ngitili za Shinyanga, Dhahabu ya Geita na Mvua Zilizobadilika

Mwaka 1986 mkoa wa Shinyanga ulikuwa bado haujagawanywa. Ulianzia Meatu na Bariadi upande wa mashariki ukafika Bukombe upande wa magharibi, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 50,000, karibu sawa na Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Katika ardhi yote hiyo, ngitili zilizokuwa zimerekodiwa zilifika hekta 600 hivi. Kama zingekuwa mahali pamoja, mtu mwenye baiskeli angezizunguka zote kabla jua halijawa kali.

Ngitili ni hifadhi ya malisho ya Wasukuma. Mvua zinapoanza, familia au kijiji hufunga kipande cha ardhi: hapachungwi, hapakatwi mti, hapawashwi moto. Nyasi hukua mpaka zikomae, na miti huchipua katikati yake. Ifikapo Julai au Agosti, uwanda wote ukiwa umekauka, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa mifugo isiyoweza kwenda mbali: ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai ambao lazima wawe na nguvu siku plau itakapoingia shambani.

Kufikia mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimeenea katika vijiji 833 vya mkoa huo. Makadirio ya ukubwa wake yanatofautiana kulingana na namna ya kupima, lakini yanaanzia hekta 300,000 na kufika 500,000. Hata tukichukua kadirio la chini, ni ongezeko la mara 500 katika miaka isiyofika ishirini, katika mkoa ambao Serikali yenyewe ilikuwa imeanza kuuita jangwa la Tanzania. Dunia nzima ikitafuta leo namna ya kuwasaidia wakulima kuishi na tabianchi iliyobadilika, hapa tunao mfano wa nyumbani, uliopimwa na kuandikwa, ambao Watanzania wengi hawaujui. Na mfano huo una funzo gumu kwa majirani zake wa ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako misitu inapungua wakati idadi ya watu inaongezeka kwa kasi kubwa.

Jangwa lilivyotengenezwa

Shinyanga haikuzaliwa tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa yake ilikuwa pori la migunga na, kuelekea magharibi na kusini, miombo. Ndani ya pori hilo waliishi mbung'o, wanaoeneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Utawala wa Waingereza uliweka makao ya utafiti wa mbung'o hapo hapo Shinyanga ya zamani, chini ya mtaalamu C. F. M. Swynnerton, na kwa miaka mingi dawa iliyopendekezwa ilikuwa moja: ondoa kichaka, mbung'o atakosa kivuli. Kichaka kikaondolewa kwa mashoka na kwa moto, maelfu kwa maelfu ya hekta. Kwa upande wa mbung'o kazi ilifanikiwa. Ng'ombe wakaongezeka, watu wakahamia maeneo mapya, na ardhi iliyofunguliwa ikapokea pamba.

Pamba ikala ardhi nyingine. Kila bei ilipokuwa nzuri, shamba lilipanuliwa, na faida ikageuzwa ng'ombe, kwa maana kwa Msukuma ng'ombe ndiye akiba, ndiye mahari, ndiye bima ya mwaka wa njaa. Kisha ikaja Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970. Familia zilihamishwa kutoka kwenye makazi ya mababu na kupelekwa vijiji vipya, na ngitili zao zikabaki nyuma bila mwangalizi. Ardhi iliyokuwa na mwenyewe anayejulikana ikawa ya kila mtu, na kila mtu akapeleka mifugo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuni zilikuwa za shida kiasi kwamba wanawake walipikia mabua ya pamba na samadi kavu. Samadi ikiteketea jikoni, shamba hukosa mbolea. Mavuno yakishuka, mkulima hulima eneo kubwa zaidi na kufyeka miti iliyobaki. Moshi wa samadi nao huumiza macho miaka na miaka, na sote tunajua mkoa huo umezika bibi wangapi waliouawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Uhaba wa kuni unaweza kufika mbali hivyo. Ndiyo maana sikubali kabisa kauli kwamba mazingira ni suala la kuangaliwa baadaye, watu wakishashiba.

Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga mwaka 1984 aliona ardhi iliyo wazi, yenye makorongo na vumbi. Miaka miwili baadaye ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofupishwa HASHI, chini ya idara ya misitu, na baadaye ukasaidiwa na Serikali ya Norway na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto, ICRAF, chenye makao Nairobi.

Miche ya Serikali na visiki vya wenyeji

Wataalamu wa HASHI walianza kama wataalamu wa misitu walivyofundishwa kuanza. Walifungua vitalu, wakaotesha miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni kama mikaratusi na mijohoro, wakaigawa vijijini. Mwitikio ulikuwa hafifu. Mche katika nchi yenye mvua ya milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, na kiangazi cha miezi mitano au sita, unahitaji kumwagiliwa. Maji yenyewe yako mbali, na anayeyachota ni mwanamke ambaye tayari ana ndoo za kupikia, kunyweshea na kuogeshea watoto. Mbuzi nao wako kila mahali. Na wenyeji walipoulizwa kwa utaratibu ni miti gani wanaitaka, walitaja ya kwao: migunga inayoangusha maganda ambayo mifugo huyala wakati nyasi hazipo, mpingo wa kutengenezea vifaa, miti ya dawa, miti ya nguzo.

Hapo ndipo mradi ulipogeuka, na nadhani hiki ndicho kitendo cha kisayansi chenye maana kuliko vyote katika historia yake. Watafiti waliacha kuuliza wapande nini, wakaanza kuchunguza kilichokuwa tayari kimo ardhini.

Mti wa ukanda mkavu huwekeza chini kuliko juu. Mgunga mdogo hutuma mzizi mrefu kutafuta unyevu kabla haujarefusha shina, na wanga wake hutunzwa mizizini. Ukikatwa, ukichomwa au ukiliwa na mbuzi, sehemu ya chini hubaki hai. Kila msimu wa mvua hutoa machipukizi, na kila kiangazi machipukizi hayo huliwa. Uwanda unaoonekana mtupu kwa mpita njia unaweza kuwa na maelfu ya visiki vya namna hiyo, vingine vikiwa na umri wa miongo. Mti unaochipua kutoka kwenye mzizi mkubwa hauhitaji kumwagiliwa, maana tayari una mfumo wa kunywa maji. Kinachohitajika ni kumzuia ng'ombe kwa miezi kadhaa, miaka kadhaa, na kuchagua machipukizi yaliyonyooka yabaki huku mengine yakipunguzwa.

Jambo hilo hilo lilionekana Niger, huko Maradi, ambako kuanzia miaka ya 1980 wakulima walianza kuacha visiki vichipue mashambani mwao, na leo eneo lililorudisha miti kwa njia hiyo katika nchi hiyo linakadiriwa kufika hekta milioni 5. Dodoma nako wakulima wanaifahamu njia hii kwa jina la kisiki hai. Shinyanga tofauti yake ni kwamba haikulazimika kubuni utaratibu. Utaratibu ulikuwapo tangu zama za mababu, umesambaratishwa tu.

Miti ikirudi, udongo hubadilika kwa njia zinazopimika. Migunga ni jamii ya mikunde. Katika mizizi yake hukaa bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, na majani yanapoanguka naitrojeni hiyo huingia kwenye udongo wa juu. Majani na mizizi mifu huwa mboji, mboji hushikamanisha chembe za udongo, na kati ya chembe hizo hubaki vitundu ambamo maji hupenya. Kwenye ardhi iliyokanyagwa na kuachwa wazi, matone ya mvua hupiga udongo na kuunda gamba gumu, maji yakatiririka juu juu na kubeba rutuba kuipeleka mtoni. Mvua ya milimita 40 inayopenya na mvua ya milimita 40 inayotiririka husomeka sawasawa kwenye kipimo cha mamlaka ya hali ya hewa, lakini kwa mtama ni tofauti ya kuvuna na kukosa.

ICRAF na HASHI hawakuishia kwenye ngitili. Walijaribu pia mashamba ya miti ya mzunguko: mkulima anapanda miti inayokua haraka pamoja na mahindi, analima katikati yake miaka miwili au mitatu, kisha anaiacha izibe shamba. Mwaka wa nne au wa tano anaikata, anapata kuni na nguzo, na anarudi kulima kwenye udongo uliopumzika. Njia hiyo tutaihitaji tukifika Geita.

Nani anasema hapana

Kuacha visiki vichipue ni rahisi kueleza. Ugumu ni kumzuia jirani mwenye ng'ombe 200 asiingize mifugo yake Machi, nyasi zikiwa mbichi na hakuna anayeangalia.

Hapa ndipo nguvu ya Wasukuma ilipoonekana. Wanao mkutano wa kimila unaoitwa dagashida, ambamo wazee huketi, husikiliza na kutoa hukumu. Wanao pia sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, ambalo baadaye likaenea nchi nzima. Vijiji vilitumia vyombo hivi viwili kulinda ngitili. Aliyechunga ndani ya hifadhi alikamatwa na walinzi, akafikishwa mbele ya wazee na kutozwa faini, na asiyelipa alitengwa: hasaidiwi shambani, hapewi moto, hazikwi na wenzake. Serikali za vijiji nazo zikaandika sheria ndogo zilizoungwa mkono na halmashauri, ili hukumu ya wazee isionekane ni ya kienyeji tu mahakamani.

Sehemu kubwa ya ngitili zilikuwa za familia. Sensa iliyofanywa katika vijiji 172 iliorodhesha ngitili 18,607, na kati yake 284 tu ndizo zilikuwa za jumuiya, kama vile za kijiji, shule au kikundi. Kwa maoni yangu takwimu hiyo inapaswa kusomwa na kila anayebuni mradi wa misitu nchini. Ardhi ilipona kwa sababu maelfu ya kaya zilikuwa na hakika kwamba kilichokua kitakuwa chao. Ngitili za jumuiya zilisaidia wasio na ardhi ya kutosha, na baadhi zilijenga madarasa na kulipia mahitaji ya shule, lakini mwendo wa kasi ulitoka kwenye familia.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake. Dagashida kwa desturi ni baraza la wanaume, wakati muda wa kutafuta kuni na maji, ambao ngitili huuokoa au kuupoteza, ni wa wanawake. Wenye ng'ombe wengi walipata manufaa zaidi ya wasio nao. Mtu anayeiga mfano huu mahali pengine asiige na kasoro hizo.

Faida kwa mizani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 timu ya watafiti iliyoongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ikishirikiana na wizara na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, ilipima ngitili zinampa mwananchi nini. Walijumlisha kuni, nguzo, malisho, dawa, asali, matunda, mboga za porini, nyasi za kuezekea na maji, wakapata thamani ya takriban dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mwananchi wa kijijini Tanzania wakati huo ulikuwa dola 8.50. Maana yake, ardhi iliyofungwa ilikuwa ikizalisha zaidi ya kile ambacho mtu wa kawaida wa kijijini alitumia, na sehemu kubwa ya thamani hiyo haikuonekana kwenye takwimu zozote za uchumi kwa sababu haikupita sokoni.

Muda nao ulipimwa. Kaya ziliripoti kuokoa kati ya saa 2 na 6 katika safari ya kuni. Ndani ya ngitili zilizorejeshwa waliorodhesha aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina 145 za ndege. Fisi nao walirudi, na kuna waliopoteza mbuzi, lakini hasara iliyohesabiwa ilikuwa ndogo kuliko manufaa. Mwaka 2002 kazi hii ilikuwa imeshapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mvua zinavyokwenda sasa

Haya yote yalifanyika kabla neno tabianchi halijawa la kila siku. Wastani wa joto la Tanzania umepanda kwa takriban digrii 1 ya Selsiasi tangu 1960. Watu hupuuza digrii moja. Lakini hewa yenye joto zaidi kwa digrii moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na hilo lina matokeo mawili yanayopingana. Mawingu yakikusanyika, mvua hunyesha kwa nguvu zaidi kwa muda mfupi. Yasipokusanyika, hewa hiyo yenye kiu hunyonya unyevu kutoka kwenye udongo, majani na malambo kwa kasi kubwa kuliko zamani. Kwa hiyo jumla ya mvua ya mwaka inaweza isibadilike sana, na bado mkulima akakosa mavuno, kwa sababu mvua imekuja kwa mafungu machache makubwa yenye ukame katikati.

Shinyanga ukame wa katikati ya msimu ndio adui. Mvua huanza Novemba, hupungua Januari na Februari, hurudi Machi. Kipindi hicho cha katikati kikirefuka kwa wiki mbili au tatu, mahindi huwa yamefika kwenye kutoa mbelewele, wakati ambao hayavumilii kiu hata kidogo. Mtama unaweza kusimamisha ukuaji, ukakunja majani na kusubiri. Ndiyo maana maofisa ugani wanahimiza mtama, uwele na muhogo, na ndiyo maana najisikia vibaya kila ninapoona mahindi yamepandwa mwaka baada ya mwaka kwenye udongo wa mchanga usioweza kuyatunza. Bibi zetu wa Usukumani walijua kulinda chakula dhidi ya mwaka mbaya: viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi ni michembe, vilivyochemshwa kwanza ni matobolwa, na vyote hukaa ghalani miezi mingi.

Msimu wenyewe huendeshwa na bahari zilizo mbali. Maji ya Pasifiki ya kati yakipata joto, au sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi ikipata joto kuliko ya mashariki, mvua za vuli Afrika Mashariki huelekea kuzidi, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Hali ikigeuka, ukame hufuata. Kwa kuwa bahari hubadilika polepole, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huweza kutoa mwelekeo wa msimu wiki kadhaa kabla. Mwelekeo huo hutolewa kwa lugha ya uwezekano: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Mkulima angependa kuambiwa tarehe ya kupanda na urefu wa ukame wa Februari, na hayo ndiyo magumu kuyatabiri. Pengo hilo linazibwa vizuri zaidi pale wakulima wanapokaa na ofisa ugani wakiwa na rekodi za mvua za kituo chao cha karibu za miaka mingi, wakajadili shamba gani lipandwe nini endapo msimu utakuwa mfupi.

Wasukuma wana msingi mzuri wa mjadala huo, kwa sababu wanasoma udongo kwa mpangilio wa mteremko. Juu karibu na mawe kuna luseni, mchanga mwepesi unaofaa muhogo, karanga na viazi. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka ukikauka na kuvimba ukilowa. Mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha Amani, miaka ya 1930 aliieleza dunia kanuni hiyo kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kutoka kilele hadi bonde kwa mpangilio unaojirudia, na leo inafundishwa vyuoni kote duniani. Katika sehemu za chini za mteremko wakulima huchimba majaluba, yaani vishamba vilivyozungushiwa kingo za udongo, ambavyo hukusanya maji yanayotiririka kutoka juu na kuotesha mpunga katika nchi ambayo mvua yake pekee haitoshi mpunga. Ngitili ikiwa juu na majaluba yakiwa chini, maji huchelewa kushuka, nayo yakifika hayaji na mchanga mwingi wa kufukia miche.

Upande wa dhahabu

Mwaka 2012 mikoa iligawanywa upya. Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia Simiyu. Bukombe, pamoja na Mbogwe iliyomegwa kutoka kwake, zikaingia mkoa mpya wa Geita. Hivyo baadhi ya vijiji vilivyofunga ngitili enzi za HASHI leo viko chini ya mkoa ambao uchumi wake unazunguka dhahabu.

Sensa zinasema kilichofuata. Mwaka 2012 mkoa wa Geita ulikuwa na watu milioni 1.7, mwaka 2022 walikuwa karibu milioni 3. Shinyanga ilipanda kutoka milioni 1.5 hadi milioni 2.2. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, lakini wengi wa waliohamia hawakuja kuajiriwa huko. Walikuja kwenye machimbo madogo, na wengi wao ni watoto wa wakulima. Mvua ikikatika Februari, kijana haoni sababu ya kukaa nyumbani kutazama mahindi yakinyauka. Anapanda pikipiki kwenda machimboni. Bei ya dhahabu, iliyopita dola 3,000 kwa aunsi mwaka 2025, imeongeza mvuto huo.

Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, halichimbwi bila miti. Kuta zake hushikiliwa na matimba, nguzo zinazopangwa kutoka juu hadi chini ili udongo usiporomoke, na shimo refu humeza matimba mengi sana, yanayolazimika kubadilishwa yanapooza. Bila hayo watu hufukiwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwambia mchimbaji apunguze. Ongeza mkaa wa miji iliyokua ghafla, na upande wa Kahama na Bukombe kuni za kukaushia tumbaku, uone shinikizo linaloangukia miombo iliyobaki na ngitili zilizo karibu na barabara. Mwenye ngitili aliyesubiri miaka kumi na tano nguzo zikomae hupewa na mfanyabiashara fedha taslimu za siku moja.

Kisha kuna zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga wa dhahabu, huchoma mchanganyiko, na zebaki hupaa kwa joto la digrii 357 ikaingia mapafuni na kutua kwenye udongo unaozunguka. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Rwamagasa, wilayani Geita, ilichunguzwa kwa kina mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, na watafiti walizingatia hasa marudio na vijito vinavyoyapitia. Mvua kubwa za ghafla zinapoongezeka, marudio yasiyokingwa husafirishwa hadi kwenye mabonde ya mpunga, ambako maji yaliyotuama husaidia bakteria kuigeuza zebaki kuwa aina yenye sumu kali zaidi inayojikusanya kwenye samaki. Kingo za udongo kuzunguka marudio na chombo kilichofungwa cha kunasia mvuke wakati wa kuchoma ni vitu vya bei ndogo. Dunia imekubaliana kupunguza zebaki kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, lakini kazi yenyewe iko pale kijitoni.

Ninachokiona ni kwamba Geita ina fedha ambayo Shinyanga ya 1986 haikuwa nayo, na Shinyanga ina utaratibu ambao machimbo hayana. Duara lina mwenye leseni, lina mameneja na wenye hisa zao, na kila mmoja anajua mgawo wake wa mawe. Watu wanaoweza kugawana mawe kwa haki gizani chini ya ardhi wanaweza pia kukubaliana matimba yatoke wapi. Mashamba ya miti ya mzunguko yaliyojaribiwa Shinyanga yanatoa nguzo nyembamba ndani ya miaka mitano. Mkulima wa Mbogwe anayelima mahindi kati ya miti hiyo angekuwa na zao la kuuza mwaka ambao mvua imekataa, na mchimbaji angekuwa na matimba yasiyotoka kwenye hifadhi. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa mwaka 2019, na sheria inazitaka kampuni za madini zikubaliane na halmashauri mpango wa huduma kwa jamii. Madarasa na zahanati vinastahili fedha hizo. Chanzo cha maji kinachokauka kinastahili pia.

Tangu HASHI ifungwe mwaka 2004, baadhi ya ngitili zimegawanywa kwa warithi zikawa ndogo mno, nyingine zimelimwa, nyingine zimekatwa mkaa. Nyingi bado zipo. Asasi ya TaTEDO iliwahi kuwafundisha wanakijiji wa Shinyanga na Kahama kupima wenyewe miti ya ngitili na kukadiria hewa ukaa iliyomo, na sasa nchi ina kanuni za biashara ya hewa ukaa za mwaka 2022 pamoja na kituo cha taifa cha kufuatilia hewa hiyo pale Sokoine, Morogoro. Fedha za aina hiyo zinaweza kumsaidia mwenye ngitili kumkatalia mnunuzi wa mkaa, mradi mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, wanawake wakiwamo, na mipaka iwe imeandikwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hakimiliki ya kimila kwa mtu, familia au kikundi, na ngitili inaweza kuingizwa humo.

Uandikishaji huo una hatua zake. Mipaka hutembelewa na majirani wote pamoja, mgogoro ukiwapo unasuluhishwa, kijiji kinapitisha sheria ndogo, halmashauri inaiidhinisha. Mvua zikianza, watu wako mashambani na vikao havikamiliki. Kijiji kinachotaka ngitili yake ifungwe Novemba kina miezi ya kiangazi tu ya kufanya hayo, na Juni, pamba ikiwa inavunwa na watu wakiwa bado kijijini, ndio wakati mzuri wa kuitisha kikao cha kwanza.